Kadi Iliyobeba Ndoa ya Njoki

Section 58, Nakuru
Jumatatu, jioni

Kwako Mama Njoki, mwenye boma langu,

Pokea salamu za mzee wako, ambaye bado ana meno ya kutosha kucheka ingawa wiki hii hajayatumia. Huko juu mnaendeleaje? Ng'ombe amezaa ama bado anatutania? Na zile waru, viazi vya shamba la chini, umezitoa ama unangoja mvua izipike ndani ya udongo? Usipande juu ya lori na magunia kwenda sokoni, umri wako naujua hata kama wewe umeusahau. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inakimbiakimbia kama kuku aliyesikia kisu kikinolewa.

Utajiuliza kwa nini nimekuandikia barua kama kijana anayetongoza, na simu iko. Sababu ni wewe mwenyewe. Ukipigiwa simu unaweka sauti ya nje, unaishika mbali kama nyoka, na duka zima linasikia. Na pale dukani huwa anakaa yule shangazi yake Gitau. Haya ninayokuambia Gitau asiyasikie kabla ya Alhamisi. Kwa hiyo nimempa dereva wa lori la waru barua hii mkononi, na nimemwambia ni ya mapenzi ili aone haya kuifungua.

Mkwe wetu Kamau, Mungu amlaze vizuri, bado yuko mochari, mazishi ni Jumamosi kule kwao Njoro. Hiyo unajua. Usilojua ni hili. Ijumaa Gitau, kaka yake mkubwa, alikuja hapa plotini, kwenye matanga tunayokaa na Njoki, na wazee wawili wa kwao. Wakanywa chai, wakaomba, wakafuta midomo. Kisha Gitau akasema wameketi kama familia na wameona kwamba Kamau alikufa bila bibi. Alisema hivyo Njoki akiwa amekaa palepale kwenye mkeka, kitambaa cheusi kichwani, mtoto akinyonya.

Nikamuuliza huyu anayenyonyesha ni nani, karani wa kanisa?

Akaniambia, "Mzee, tunamheshimu binti yako. Walikaa pamoja, sawa. Lakini bega la mbuzi halikukatwa. Sisi kama familia hatukuona."

Wewe na mimi tunajua kwetu hakuna mzaha na jambo hilo. Mwanamume asipokata bega la mbuzi kwa wakwe zake, akamlisha mwanamke mbele ya wazee, hata wazae timu nzima ya mpira bado huyo mwanamke ni mgeni. Na mgeni hawekwi karibu na jeneza, jina lake halisomwi kama la mjane, na wakishatupa mchanga anaonyeshwa lango. Ile nyumba ya mbao waliyojenga Njoro, Gitau ameshaibadilisha kufuli. Simu ya Kamau, ambayo ilikuwa na picha zote za siku alipokata bega, ameichukua hospitalini na anasema hajui iko wapi. Na Alhamisi tunaenda kwa chifu, kwa sababu chifu ndiye ataandika ile barua ya kusema marehemu ameacha nani.

Nikasema mashahidi wapo, huko kwetu Mau Narok watu wote walikula ile nyama. Gitau akatabasamu, akasema mashahidi wa upande wa msichana hununuliwa na kikombe cha chai. Hapo Njoki akainua kichwa, akasema taratibu, "Baba ana picha. Ziko kwenye kamera yake."

Gitau akafuta mdomo tena. Akasema basi zije Alhamisi.

Kamera ni ile kuukuu mwenye ploti hii ya nyumba za kupanga alinipa, niwe nikipiga picha mabomba yaliyopasuka na vyoo vilivyoziba, maana mimi kama keateka, mtunzaji wa nyumba zake, nikimweleza kwa mdomo anafikiri nataka kumla pesa. Siku ya ngurario, ile sherehe ya kukata bega, dada yako Wairimu aliishika akapiga picha kutwa nzima. Picha hazikuwahi kutolewa kwenye karatasi. Zilikaa kwenye ile kadi ndogo ya ndani, na mimi nikasema ziko salama kuliko benki.

Walipoondoka nilichukua kamera nikaenda nyuma ya tangi la maji, nizione kwanza peke yangu. Nikafinya kile kitufe cha kurudi nyuma. Nilikuona wewe na leso yako ya kijani ukigombana na sufuria. Nikamwona mbuzi akiwa bado ana maoni yake. Halafu nikafika kwa ile picha. Unaijua. Ile ya sikio.

Najua ulinisamehe, baada ya kuninyima chai ya maziwa kwa muda ambao sitausema. Lakini nilipoiona tena nyuma ya tangi sikucheka. Baba ya bibi-arusi, kofia yake kichwani, anatafuna sikio la mbuzi wa ngurario, na kila mtoto wa kwetu anajua masikio ni ya wasichana, wadogo zake bibi-arusi. Nilifanya mzaha tu, Wairimu alinitania kwamba siwezi, nikaweza. Nikawaza, hii picha ikifika kwa chifu, wale wazee wa Gitau watapiga magoti kwa furaha. Watasema mzee mwenyewe aliharibu sherehe, sheria ya nyama ilivunjwa, basi hakuna ndoa. Niliona binti yangu akifukuzwa kaburini kwa sababu ya sikio.

Nikaamua kuifuta hiyo moja tu. Miwani nilikuwa nimeiacha ndani. Kamera ikaniuliza kitu kwa Kiingereza, ikanipa maneno mawili nichague, moja refu na moja fupi. Nikachagua fupi, kwa kuwa maishani mwangu mambo mafupi hayajanidhuru sana, nikianzia na wewe. Ikazungusha duara kidogo. Ikasema hakuna picha.

Nilifikiri imelala. Nikaigonga kwa goti. Nikatoa betri nikailamba, nikairudisha. Hakuna. Nikafikiri labda imekufa, nikaijaribu: nikapiga picha ya jogoo wa jirani, nikapiga mguu wangu, nikapiga ndoo. Hizo zikaonekana vizuri sana. Jogoo yupo, ndoo ipo, ndoa haipo.

Mama Njoki, tangu nizaliwe nimeogopa mara chache. Nimeogopa chui tukiwa bado tunachunga kule msituni, na nimemwogopa mama yako. Lakini pale nyuma ya tangi nilikaa chini nikashindwa kuinuka. Ndani watu walikuwa wanaimba nyimbo za faraja, na Njoki sauti yake naijua katikati ya sauti zote. Nilimsikia akiimba bila wasiwasi. Alikuwa amepata kitu cha kushika, na hicho kitu mimi nilikuwa nimeshakitupa.

Sikumwambia. Jumamosi nikamkwepa, Jumapili nikamkwepa, kila akiniuliza picha nasema ziko, ziko, betri inachajiwa. Nilikula ugali kama mtu anayemeza mawe.

Leo asubuhi nikadanganya naenda kununua sukari ya matanga, nikashuka mpaka saiba ya Chebet, duka lake la kompyuta, karibu na stendi ya bodaboda. Chebet ni yule msichana wa Kikalenjin aliyenichapishia ile barua ya kulalamikia maji. Ana ulimi kama wembe, ndiyo maana tunapatana. Nikamwekea kamera mezani nikamweleza. Hakusema pole. Aliniuliza, "Mzee, baada ya kufuta, ulipiga picha nyingine?"

Nikamwambia habari ya jogoo, mguu na ndoo. Akafumba macho kama mtu anayesali.

Akanieleza kwamba picha ikifutwa haiondoki mara moja. Kamera inajiambia tu kwamba mahali pale ni pa bure, lakini picha bado imelala palepale mpaka nyingine ije iikalie. Niliielewa haraka, maana ni shamba letu kabisa. Ukishavuna waru si unajua zingine zinabaki chini, hazionekani, na akina mama wanakuja na vijembe kuokota? Zipo. Lakini trekta likipita tena na ngano ikipandwa, sahau. Sasa mimi mwenyewe nilikuwa nimepitisha trekta. Nililima juu ya bega la mbuzi nikapanda jogoo.

Chebet akatoa ile kadi, ubavuni kuna kitu kidogo kama kucha, akakisukuma. Akasema hiyo ni kufuli, kuanzia hapo hakuna kitu kitaandikwa juu yake, hata na mimi. Akaichomeka kwenye kompyuta. Akaleta programu ndogo, ya bure, ya watu kupata vitu walivyofuta kwa ujinga, hayo ni maneno yake. Akaionyesha kadi iko wapi, akaiambia itafute picha, na zitakazopatikana ziwekwe ndani ya kompyuta, zisirudishwe kwenye kadi. Akafinya. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kama konokono anayeenda kwa mkwe wake.

Za kwanza kutokea zilikuwa vyoo. Vyoo, mabomba, tangi, choo kingine. Picha nilizofuta zamani, nikafikiri zimeoza, zote zimefufuka. Hazina majina, ni nambari tu. Chebet akaniuliza kama hiyo ndiyo ndoa. Nikamwambia aendelee tu.

Kisha nikaona kijani kidogo pembeni. Leso yako. Nikashika meza.

Na hapohapo stima ikapotea.

Kila kitu kikawa cheusi. Mashine zikanyamaza zote, ukasikia tu bodaboda nje. Nilipiga kelele ambayo sitaki uambiwe na mtu mwingine, kwa hiyo nakuambia mwenyewe. Nikamuuliza Chebet kama zimekufa mara ya pili. Akasema kadi imefungwa, haiwezi kuumia, stima ikirudi tunaanza upya. Lakini hata yeye alikuwa anauma kucha. Tukakaa gizani na mlango wazi. Nikaanza kupanga vile nitamwambia Njoki, na kila nikianza sentensi mdomo unakataa.

Sikuhitaji kuimaliza. Njoki mwenyewe akaingia mlangoni, mtoto mgongoni. Alikuwa amekuja kumuuliza Chebet kama saiba yake inaweza kutoa picha za kamera kwenye karatasi kabla ya Alhamisi. Akaniona nimekaa pale bila sukari.

Akasema, "Baba, betri imejaa?"

Basi nikamwambia. Yote, tangi, sikio, neno fupi, jogoo. Nilikuwa natazama viatu vyangu. Nilitegemea alie, au anitukane, ningefurahi kutukanwa. Hakufanya hata moja. Alimfungua mtoto mgongoni akampakata, akaketi kwenye kiti kando yangu, akangoja stima kama watu wanavyongoja daktari. Mama, huo ukimya ni wako. Umemrithisha silaha mbaya.

Stima ikarudi. Tukaanza tena, vyoo, mabomba, vyoo. Halafu siku ile ikaanza kutoka vipandevipande. Wewe na sufuria, umetoka mzima. Wazee kwenye viti, wazima. Kamau anashuka kwenye gari na suti ile iliyombana mabega, mzima. Njoki aliivuta pumzi, akaifunga mdomoni kwa mkono.

Ndipo ikaja ile tuliyoitaka. Kamau ameshika kisu, Njoki mbele yake. Vichwa viko sawa, nyuso zinacheka. Lakini kuanzia kifuani kwenda chini ni kijivu. Kijivu kitupu kama majivu ya jikoni. Mikono hakuna, kisu hakuna, bega hakuna. Chebet akajaribu kuifungua mara nyingine, ikawa vilevile. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hapo ndipo nyingine zilikalia.

Iliyofuata nusu yake kijivu. Iliyofuata haikufunguka kabisa. Niliwaza Gitau akiishika hiyo karatasi mbele ya chifu, akiuliza hawa watu wawili wanaocheka wanakata nini, keki ya kuzaliwa? Nilitamani ardhi ipasuke, na wewe unajua Nakuru ardhi hupasuka kweli, lakini leo ilikataa.

Mstari ulikuwa karibu kufika mwisho. Ikatoka moja, kubwa, safi, imejaa kuanzia juu mpaka chini, hakuna hata doa. Ni mimi. Kofia kichwani, mashavu yamefura, sikio limening'inia mdomoni kama ulimi wa pili.

Nikamwambia Chebet aifunge haraka. Njoki akamshika mkono.

"Ngoja. Nyuma yake."

Tukasogea. Nyuma ya kofia yangu, Mama, kila kitu kipo. Kamau ameinua kipande cha bega kwenye ncha ya kisu, Njoki amefungua mdomo kupokea. Wazee wa pande zote mbili wamekaa. Wewe umeshika kiuno, unanitazama mimi kwa macho ya kuua. Na aliyebeba sinia lenye bega, ameinama mbele ya mdogo wake ili akate vizuri, ni Gitau. Gitau mwenyewe, na tai yake, mafuta ya nyama yanang'aa kwenye kidevu. Wairimu alitaka kunichekesha mimi, akawanasa wote.

Nilifurahi kidogo, kisha woga ukarudi na kaka zake. Nikamwambia Njoki hii hatuwezi kuipeleka. Watasema mimi niliharibu sherehe. Watasema masikio yaliliwa na mwanamume mzee.

Binti yako alinitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Wakisema ulikula sikio la mbuzi wa ngurario, Baba, watakuwa wamekubali mbuzi wa ngurario alikuwepo." Kisha akamgeukia Chebet. "Toa hiyo. Itoe kubwa."

Chebet akaitoa kubwa. Mashine ilikuwa inaichora polepole, kofia yangu kwanza, na mimi nasimama pale naogopa rangi itaisha kabla ya kufika kwa sinia. Haikuisha. Njoki alipoishika karatasi ikiwa bado ina joto, aliweka kidole kwenye uso wa Kamau, si kwangu. Mtoto akanyoosha mkono kutaka kofia. Nikatoka nje kununua ile sukari.

Sasa ndiyo hali. Usidhani nimetulia. Wazee wa Gitau ni wajanja, wanaweza kukubali mbuzi na kukataa sherehe. Kama watanitoza faini ya beberu kwa ajili ya kosa la nyama nitalipa, na yule beberu anayekula nguo zako kambani ndiye atakayekwenda, mwambie ajiandae. Faini hainiogopeshi. Kinachoniogopesha ni kwamba Gitau akijua yeye mwenyewe yumo pichani, hizi siku mbili ni ndefu. Mchana alipita kwenye lango la ploti na pikipiki, hakusimama, alitazama tu juu kwenye dirisha la chumba anacholala Njoki. Nimeweka kipande cha bomba kando ya mlango wangu, ingawa mimi na hicho kipande tumezeeka pamoja. Chebet amebaki na zote kwenye kompyuta yake, na kadi ameifunga kwa karatasi ndani ya droo, bado na kufuli yake. Njoki ana nakala. Na nyingine iko ndani ya bahasha hii, imekunjwa mara moja tu, katikati, ili mkunjo usipite kwa Kamau. Umeshaiona, najua, uliitoa kabla ya kusoma.

Nisalimie dada yako Wairimu, mwambie mchezo wake wa kunichokoza umezaa kitu mwaka huu. Msalimie mwenyekiti wa kikundi chenu cha maombi, aniombee bila kutaja jina langu, maana Mungu akisikia ni mimi atafikiri ni mzaha. Msalimie jirani anayekukamulia ng'ombe, na umwombe akuangalilie boma. Mwachie huyo ng'ombe, azae akitaka, wewe njoo Jumatano na gari la kwanza.

Na picha uje nayo mwilini, usiiweke kwenye mkoba. Alhamisi mimi ndiye nitaongea, kwa kuwa mimi ni baba. Lakini najijua, Mama Njoki. Nikiogopa sana naanza kuchekesha, na nikichekesha hakuna anayeniamini. Ukiniona nimeanza, usiningoje. Simama, inua hiyo picha juu waione wote, chifu na wazee na Gitau, na uwaache wanicheke mpaka machozi. Wakicheka, wameona.

Ni mimi, mume wako asiye na akili lakini mwenye mapenzi,

Baba Njoki